Watu wa Eastlands hapa Nairobi, maktaba ya Kaloleni mmeiona siku hizi?

Ile ni tawi la maktaba ya McMillan, hiyo ya Banda Street yenye simba wa mawe pale mlangoni, ilifunguliwa 1931 na ilikua ya wazungu peke yao miaka na miaka, yaani babu zetu walikua wanapita tu nje. Sasa Kaloleni imerekebishwa na Book Bunk, shirika la kukarabati maktaba, ikapendeza, nikapeleka watoto wakasomewa hadithi, kutoka ikawa vita, eti "mum ngoja kidogo tu". Mi nikajificha kwa kona na kitabu cha Peponi cha Gurnah, yule mwandishi wa Nobel 2021, kimetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na Kiswahili chake ni kitamu ajabu. Kisomeni. Na mkienda na watoto fikeni mapema, viti huisha haraka 😂