Tulivyopeleka maoni ya wajane Tume ya Kurekebisha Sheria

Kesi za wajane zinazofika kwetu hufanana sana. Mume anafariki, matanga yanaanuliwa, kikao cha ukoo kinakaa, na mama anaambiwa shamba alilolima miaka yote si lake. Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata moja mkoani Shinyanga. Tumezipigania kesi hizo moja moja na nyingine tumeshinda, lakini ushindi wa leo haumsaidii mjane wa mwakani kama kanuni inayomnyima haki imebaki palepale. Ndiyo maana tukaamua kuiandikia Tume ya Kurekebisha Sheria. Wenzangu wengi wa vijijini wanadhani huo ni mlango wa mawakili na maprofesa tu, kwa hiyo naeleza tulivyofanya.

Tume iliundwa kwa Sheria Na. 11 ya mwaka 1980, ikaanza kazi mwaka 1983. Haitungi sheria, maana hiyo ni kazi ya Bunge, wala haiamui kesi ya mtu. Inaichunguza sheria iliyopo, inasikiliza watu, kisha inampelekea Waziri wa Katiba na Sheria ripoti yenye mapendekezo. Akina mama walipojua kwamba Tume haina upande katika kesi ya yeyote, hofu ya kusema ilipungua. Tuliwaahidi pia kwamba hakuna jina litakaloandikwa.

Tulikutana na wajane wa kikundi cha hisa katika ofisi ya kata. Nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto niliandika matatizo ambayo sheria yake ni nzuri ila imekanyagwa: mama mwenye hukumu ya mahakama ya mwanzo mkononi ambayo hakuna anayeitekeleza, mwingine aliyefichiwa wosia. Kulia niliacha nafasi ya mambo ambayo sheria yenyewe ndiyo inayoumiza. Kushoto kulijaa upesi. Kulia kulikuwa kutupu mpaka mama mmoja wa makamo aliposema, "Mwanangu, mimi sikunyang'anywa kwa nguvu. Mimi walinisomea."

Walimsomea Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika sheria za mila za urithi. Kanuni ya 27 inasema mjane hana fungu katika urithi kama marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Mama huyu hakujaliwa kupata mtoto.

Hapo ndipo tulipoipata hoja yetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Sheria mbili za nchi moja zinagongana, na anayeumia ni yule asiyejua ya pili. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika kesi ya wajane wawili, ilikiri kwamba kanuni hizi ni za kibaguzi lakini haikuzifuta. Suala kama hilo, ambalo mahakama imeliona na kuliacha, ndilo linalohitaji chombo cha kuitazama sheria yote kwa pamoja.

Barua tuliiandika fupi: kanuni ipi, inamuuma nani na kwa namna gani, inagongana na kifungu gani, na maneno gani yawekwe badala yake. Hayo maneno mapya ndiyo yaliyotutoa jasho. "Mjane apewe haki yake" inapendeza kuitamka, lakini haki ipi? Je, wake wenza? Je, watoto wa mke wa kwanza? Akina mama walibishana mchana kutwa, na nilifurahi kuwasikia, kwa sababu maswali yao ndiyo ambayo mtunga sheria atayauliza. Mwishowe walikubaliana kwamba mjane, awe na mtoto au asiwe naye, abaki na nyumba anayoishi na shamba alilokuwa analima, na kila mke ahesabiwe kwa lake.

Tuliituma Dodoma, tukatoa nakala kwa mbunge na diwani. Nakala hizo ni muhimu, maana ushauri wa Tume haumlazimishi mtu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 Tume iliitolea ripoti mwaka 1994, lakini vifungu vya 13 na 17 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vilibaki bila kuguswa, mpaka mwanaharakati Rebeca Gyumi alipokwenda Mahakama Kuu na kushinda mwaka 2016, mahakama ikisema vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Miaka yote hiyo inaniuma. Mapendekezo yakilala kabatini, watu wa kuyaamsha ni sisi, kwa kumuuliza mbunge kila anapokuja jimboni.

Mama aliyesomewa kanuni anaishi kwa dada yake kwa sasa. Kesi yake bado iko mahakamani, na hoja yetu ya kwanza ni kifungu cha 20.