Umejuaje?

Harusi ya mtoto wa Shemeji imepita salama, wageni wa Tabora wamerudi na treni yao, na mimi bado nina neno moja kichwani. Wifi alimwuliza daktari, "Umejuaje?" Akajibiwa, "Anayefuata."

Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi. Wifi alieleza jasho la usiku, uchovu, michubuko mapajani, na hedhi ambayo siku hizi ikija inakuja kwa fujo. Akataja pia kwamba alitibiwa lukemia, saratani ya damu, hospitali ya Bugando kule Mwanza, na kwamba kemo ya mwisho, yaani dawa za kuua saratani, ina miaka minne sasa. Yule daktari akaangalia umri kwenye kadi, 47. "Ni umri huo, Mama. Wote mnapitia." Wifi akaweka sawa kanga mabegani, akauliza bila kupandisha sauti: "Umejuaje?"

Nalisikia nikiosha vyombo, nalisikia nikipanga zamu za wodini. Hakuuliza kwa ubishi. Mtu aliyewahi kuambiwa "ni uchovu tu" wiki chache kabla ya kulazwa na saratani ya damu ana haki ya kuuliza umejuaje. Na huenda daktari alisema kweli, hedhi inakaribia kukoma. Ila swali lilikuwa na jibu, na jibu hilo lingemchukua dakika kumi. Naliandika hapa kwa ajili yake, na kwa ajili yenu mnaoniandikia mkiwa na wasiwasi uleule: huu ni ukomo wa hedhi, au lukemia imerudi?

Jasho kwanza. Joto la kuelekea kukoma hedhi huja kama wimbi: linaanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni, moyo unadunda, jasho linatoka, na kati ya dakika moja na tano limeshapita, mara nyingi likiacha kibaridi. Ukipima wakati huo homa huikuti. Jasho la ugonjwa wa damu, au la maambukizi ambayo damu dhaifu imeshindwa kuyazuia, hulowesha shuka mpaka ubadilishe, na mara nyingi huja na homa, au nguo zinazoanza kupwaya, au vidonda vya koo na kinywa visivyoisha. Kwa hiyo kipimajoto kikae kando ya mto. Futa kwapa likauke kabla ya kupima, kwa sababu jasho linalokauka linapoza ngozi na namba itakudanganya. Pima kabla ya kumeza Panadol, maana Panadol ikishashusha homa umepoteza ushahidi. Andika tarehe, saa na namba. Ikifika 38 au zaidi, hilo si la umri, nenda kapime.

Na hapa kwetu Kigoma kupima kunaanza na malaria, ni sawa kabisa. Lakini kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha mstari wa malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha. Kama mtu alimaliza dawa mseto mwezi uliopita, mstari huo pekee haujaeleza homa ya leo, aombe damu iangaliwe kwa darubini. Jasho la usiku na kikohozi cha wiki mbili ni makohozi kwenda kupimwa kifua kikuu, hata kama umri ni 47.

Michubuko nayo ina namna ya kuisoma. Kadiri estrojeni, homoni ya kike, inavyopungua ngozi huwa nyembamba, ukijigonga kwenye kona ya kitanda alama inabaki. Ya aina hiyo huwa michache, iko mahali pa kugongwa, na inafifia. Ya kuogopa ni michubuko mingi mahali ambapo hukugongwa, au vidoa vidogo kama ncha ya sindano, hasa miguuni kuanzia magoti kushuka chini na pale lastiki ya nguo inapobana. Kwenye ngozi nyeusi vidoa hivi hujificha. Tafuta ndani ya midomo, kwenye kaakaa, ndani ya kope la chini, na nyayoni. Bonyeza kwa kitako cha glasi safi inayoonyesha: rangi ikitoweka, damu bado iko ndani ya mishipa, isipotoweka, imevuja. Ukiona hivyo, au fizi na pua zinatoka damu bila sababu, usingoje kliniki ya Jumatatu. Na usimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni mpaka idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ijulikane, kwa sababu dawa hizo huzidisha kutoka damu.

Maumivu sitayasema sana. Viungo vya umri hukakamaa asubuhi, vidole na mabega, vikalegea ukianza kazi. Mfupa unaouma kwa ndani, hasa kidari au mapaja, unaokuamsha usiku na hautulii hata ukipumzika, huo ni wa kuchunguzwa.

Lakini penye utata wa kweli ni hedhi, na hapa ndipo lile "wote mnapitia" linaponichoma zaidi. Hedhi nzito ni jambo la kawaida kuelekea ukomo. Inamaliza madini ya chuma, na upungufu wa chuma unaleta uchovu, kuhema ukipanda kilima, moyo kwenda mbio. Picha yote inafanana na lukemia, na sababu yake ni hedhi tu. Upande wa pili, chembe sahani zikishuka hedhi inakuwa nzito. Yaani dalili hiyohiyo inaweza kuwa chanzo cha damu kupungua au matokeo ya damu kuharibika. Kwa macho huwezi kutofautisha, wala mimi siwezi, wala aliyesomea zaidi yangu. Na mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika mwili mmoja, kwa hiyo kuthibitisha kwamba hedhi inakoma hakujasema lolote juu ya uboho, yaani ule ute ndani ya mifupa unaotengeneza damu.

Kinachosema ni FBP, picha kamili ya damu, pamoja na damu ileile kupakwa kwenye kioo na kuangaliwa na mtu. Mashine peke yake haitoshi kwa aliyewahi kuugua lukemia. Kwenye karatasi tazama vitu vinne. Hemoglobini, kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa isipungue 12. MCV, ukubwa wa chembe nyekundu: chini ya 80 unaelekea kwenye upungufu wa chuma, ilhali kwenye lukemia mara nyingi haishuki hivyo. Chembe sahani, kawaida 150 hadi 450. Upungufu wa chuma huziacha sawa au huzipandisha, lukemia kwa kawaida huzishusha. Chembe nyeupe, kawaida 4 hadi 11. Kwenye lukemia zinaweza kuwa juu sana au chini, na kioo ndicho kinachoonyesha kama kuna seli changa ambazo hazikupaswa kutoka kwenye uboho. Malaria nayo hushusha chembe sahani, kwa hiyo zikiwa chini na homa ipo, pima malaria, ikionekana itibiwe, kisha rudia FBP baada ya wiki moja au mbili. Zikigoma kupanda, piga simu kule ulikotibiwa. Karatasi zote weka kwenye bahasha moja, maana namba ya leo inasomwa ikilinganishwa na ya nyuma.

Kipimo cha homoni ya FSH, kinachotumika kuangalia kama hedhi inakoma, sikishauri kwa umri huu. Inapanda na kushuka wiki hadi wiki, na ovari zilizopitia kemo zinaweza kunyamaza miezi kisha zikaamka. Pesa hiyo ni afadhali ilipie feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini.

Na feritini ndiyo tuliyoilipia. Waliotibiwa lukemia huwa wameongezewa damu chupa nyingi, na kila chupa ina chuma chake. Wengine hubaki na chuma kilichozidi. Kuwapa vidonge vya chuma kwa kubahatisha ni kosa. Feritini ikiwa chini ya 15, chuma hakika kimeisha. Ikiwa ya kawaida huku mtu ana maambukizi, usiiamini moja kwa moja, kwa sababu maambukizi huipandisha.

Majibu ya Wifi: hemoglobini 9.8, MCV 71, chembe nyeupe 5.6, chembe sahani 318, kioo hakina seli changa, feritini 6. Nilimsomea barazani mstari kwa mstari, nikimwonyesha kila namba na maana yake. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo ni uzee?" Nikamwambia ndiyo Wifi, ni hedhi inayotaka kuondoka, na chuma kimeisha. Akaanza kucheka. "Basi na mimi nizeeke, Wifi! Nizeeke na meno yang'oke!" Akasimama akaenda kumpigia simu mama yake. Sijawahi kuona mtu akipokea joto la ukomo wa hedhi kwa shangwe namna ile. Akiwa na miaka 43, wodini, alikuwa akituelekeza nani achukue vyombo vyake.

Sasa ameanza vidonge vya chuma, kimoja kwa siku, pamoja na maji ya machungwa na mbali na chai. Hemoglobini inatakiwa ipande kama gramu 2 ndani ya wiki nne, na FBP hiyo ya wiki ya nne ni kipimo cha pili cha ugonjwa wenyewe: isipopanda, tunauliza upya. Ikishafika kawaida, vidonge vinaendelea miezi mitatu zaidi kujaza ghala. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, ameandikiwa kwa siku za damu nyingi tu. Bado ultrasaundi ya kizazi kuangalia fibroidi, uvimbe wa kizazi usio saratani, na uchunguzi wa mlango wa kizazi. Kuhusu dawa za homoni kwa ajili ya joto, kuugua lukemia zamani peke yake hakumzuii, tofauti na aliyeugua saratani ya matiti. Hilo atalijadili na wataalamu wake Mwanza.

Laiti yule daktari angesema tu, "Sijajua, Mama, ngoja tupime."