Pishi tatu za bondeni

Msimu ule wa karafuu nilikwenda Pemba likizo na kompyuta begani, na Ami hakuchelewa kunitia kazini. Shamba letu liko nje kidogo ya Wete. Binamu yangu alikuwa akiandika hesabu za wachumaji kwenye simu kila jioni, hivi: bondeni [pishi 6], mlimani [pishi 4]. Wanalipwa kwa pishi. Ami alitaka jumla ya kila mtu kabla ya Ijumaa.

Mistari mia tatu na ushei. Nikajitia ujuzi wa rejeksi, vile vifumbo vya kutafutia maneno, nikaandika \[.*\], yaani bano la kufungua, kisha chochote, kisha bano la kufunga. (Mkwaju ule, yaani alama ya \, unaiambia kompyuta kwamba bano hili ni bano tu, halina uganga.) Ikaniletea [pishi 6], mlimani [pishi 4] kwa mkupuo. Nyota hiyo, wenyewe huiita ya Kleene, kwa jina la Mmarekani aliyeitungia hisabati yake miaka ya 1950, ni mroho: humeza mstari mzima, ndipo irudi kinyumenyume mpaka bano la kufunga la mwisho. Nikaongeza alama ya kuuliza, na mabano ya mviringo ili iniletee kilichomo ndani tu, \[(.*?)\], ikawa inasimama kwenye bano la kufunga la kwanza inalolikuta.

Ukumbini wenzangu wanachambua. Mama anasugua kishada kiganjani, karafuu zinamwagikia jamvini, konyo linabaki mkononi.

Mstari mmoja ukanitolea kituko: pishi 3, mlimani [pishi 5. Sikujiuliza kwa nini. Nikaona kosa ni la kifumbo, nikakikaza: \[([^\[\]]*)\], chochote kisichokuwa bano. Orodha ikatakata. Ami akalipa.

Jumamosi asubuhi, hodi. Bimkubwa mmoja, kanga bado ina utomvu.

“Mwanangu, za mlimani nimezipata. Za bondeni je? Ami yako si mtu wa kudhulumu. Hebu tizama tena hilo dude lako.”

Nikaufungua mstari wake: bondeni [pishi 3, mlimani [pishi 5]. Binamu alisahau kufunga bano, na kifumbo changu kikaziruka zile tatu kimya kimya. Ami akatoa pesa kwenye kunjo la msuli, hakunitazama.

Usiku nikaitafuta mistari ambayo mabano ya kufungua hayalingani na ya kufunga. Ikatoka minne. Mitatu ilikuwa ya watu ambao hawakuja kuuliza.