Povu limepungua

Nimetoka kliniki sasa hivi, bado nimekaa nje kwenye benchi na karatasi ya majibu mkononi.

Kwa wasiojua, mwaka wa tatu huu naishi na ugonjwa sugu wa figo kuvimba. Siyo UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) jamani, wengi huniuliza hivyo. Ni kinga ya mwili wangu mwenyewe inashambulia vile vichujio vidogo vya damu ndani ya figo, basi protini inavuja kwenye mkojo, ndo maana mkojo unatoa povu, na presha nayo inapanda, na wewe huna hata maumivu ya kukushtua.

Leo daktari kageuza karatasi nione. Protini ilikuwa +++, sasa ni +. Kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja vipi, imesimama palepale, haijapanda.

Nikamuuliza nimepona? Akanyamaza kidogo, akasema pale palipoweka kovu haparudi, tunalinda palipobaki. Hiyo “palipobaki” imenikaa kooni mpaka sasa.

Kwa hiyo dawa za presha kila siku hata nikijisikia mzima, chumvi kidogo, na zile ibuprofen na diclofenac nilizokuwa nameza kama pipi kila mgongo ukiuma, nimeacha kabisa, zinaumiza figo.

Kila asubuhi huwa nasimama chooni naangalia povu linachukua muda gani kuisha. Leo liliisha haraka, nikabaki nimesimama tu.

Wenzangu wa figo mpo? Chumvi mliizoeaje kuiacha? Niambieni hapo chini.