Chini ya vitufe

Leo programu ninayoandikia kurasa zangu za wavuti imebadilika sura tena. Kitufe cha kuweka picha kimehamia upande wa pili na nusu ya menyu imejificha nyuma ya vidoti vitatu. Zamani jambo kama hili lingenikata hamu ya kuandika. Safari hii nimeguna tu, nikatafuta, nikaendelea.

Mwanzoni nilijifunza kwa kukariri: bofya hapa, kisha pale, kisha hifadhi. Nilikuwa hata na daftari la hatua. Programu ikisasishwa, daftari halina kazi. Kilichonitoa huko ni udadisi wa kufungua msimbo wa ukurasa wangu. Nilitarajia maandishi ya mashine, kumbe HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ni maneno yangu mwenyewe yaliyozungushiwa alama: p kwa aya, h1 kwa kichwa, a kwa kiungo. Tim Berners-Lee alipendekeza wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, na alama hizo zote tatu zilikuwamo katika orodha ya HTML ya 1991. Vitufe vinahamahama, lakini kazi yao ni kuandika alama zilezile kwa niaba yangu. Tangu hapo kila programu mpya naiuliza swali moja: chini yako kuna nini?

Picha ndizo zilizonifundisha zaidi. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli, yaani vidoti vya rangi vinavyoiunda, milioni 12. Nafasi yake kwenye ukurasa haizidi pikseli 800 kwa upana, yaani 800 kwa 600, sehemu moja ya 25. Zinazobaki anazilipia msomaji kwa bando lake bila kuziona. Nikaelewa pia kwamba JPEG, aina moja ya faili za picha, hupunguza uzito kwa kutupa taarifa ndogondogo ambazo jicho halizioni kwa urahisi, na kila ukihariri na kuhifadhi upya inatupa nyingine. PNG, aina nyingine ya faili za picha, haitupi kitu, ndiyo maana picha ya skrini yenye maandishi hutoka safi ikihifadhiwa hivyo.

Halafu kuna kile kisanduku kidogo cha maelezo ya picha, ambacho wengi hukiruka. Maelezo hayo husomwa kwa sauti na kisoma skrini kwa ajili ya asiyeona. Toleo la kwanza la mwongozo wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, kuhusu ufikivu (yaani wavuti itumike hata na wenye ulemavu), la mwaka 1999, lilianza na hoja hiyo hiyo. Nilianza kukijaza kwa ajili ya wengine, kikaishia kunifundisha mimi kutazama. Kuandika "picha ya mti" hakumsaidii mtu. Mti umefanya nini, umesimama wapi, kwa nini uko katikati ya habari hii? Kuna picha nilizoshindwa kuzieleza kwa sentensi moja ya maana, nikaziondoa. Maandishi hayakupungukiwa na chochote.

Kuhariri video nimeacha kwanza. Si ugumu, sina la kusema kwa video. Nimeshatazama masomo mengi ya programu nisizozihitaji, na karibu yote yamenitoka. Yaliyobaki ni yale niliyoyatafuta aya ikiwa imekwama katikati na nataka kuimaliza kabla ya kulala.

Akili unde naitumia kunieleza ujumbe wa hitilafu, na hapo inanifaa sana. Ila naiomba sababu kabla ya suluhisho. Nikipewa suluhisho peke yake, wiki ijayo narudi na swali lilelile. Sentensi zangu siipi. Ndizo sehemu ninayoifurahia, sioni kwa nini niigawe.

Sasa najifunza kuhamisha maandishi yangu yote yaje kwenye kompyuta yangu. Yahoo ilipoifunga GeoCities ya Marekani, huduma ya kujitengenezea kurasa za wavuti, mwaka 2009, kurasa zilizojengwa na watu wa kawaida zilitoweka, isipokuwa zile ambazo wahifadhi wa kujitolea waliwahi kuzinakili. Huduma ninayoitumia mimi haina mkataba na milele. Jioni hii nimebofya kuhamisha, nikapata faili moja ya XML, yaani maandishi yaliyozungushiwa alama kama HTML, nikaifungua kwa programu ya maandishi ya kawaida. Aya zangu zimo zote, pamoja na tarehe na vichwa. Picha hazimo, kuna anwani zake tu. Kwa hiyo kazi inayofuata ni kutafuta namna ya kuzishusha zote kwa mkupuo, na nahisi itanibidi nijifunze kuandika amri kwenye lile dirisha jeusi la amri nililolikwepa miaka yote hii.