Khofu ya usiku sio dalili kwamba huna imani

Kuna wapendwa wakisikia unaogopa usiku wanakwambia moja kwa moja huna imani wewe, na mie neno hili linaniuma sana kwasababu linamwachia mtu mizigo miwili, khofu yenyewe na aibu ya kuogopa. Mchana niko sawa kabisa, nacheka na watu, naenda sokoni Darajani narudi, ila ikifika saa nane usiku moyo unaenda mbio, kifua kinabana, nawaza ada za watoto, nawaza presha ya mama yangu kule Wete, na simu ikiita saa hizo ndo basi tena.

Na sisi wa visiwani Zanzibar khofu ya usiku haijaanza leo jamani. Waliokuwepo 1995 wanaikumbuka ile taharuki ya popobawa, lile zimwi lililosemekana linavamia watu usiku vitandani mwao, ilianzia Pemba ikaja mpaka huku Unguja, watu wazima na akili zao wanatoa mikeka wanalala nje kwa makundi.

Mie aliyenisaidia ni Bwana Yesu pale Gethsemane. Ulikuwa usiku, wenzake wamelala fofofo, akasema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, na Luka anaandika jasho lake likawa kama matone ya damu. Sasa na huyo utamwambia hana imani? Hakujikaza mbele ya Baba yake, alimwambia wazi kwamba kikombe kile cha mateso hakitaki, ila mapenzi Yako yatimizwe, tena Mathayo anasema aliomba mara tatu maneno yale yale! Basi na mie zile sala ndefu za kupanga maneno usiku sizitaki, nakaa kitandani namwambia Mungu kitu chenyewe kama kilivyo, Baba naogopa mama asije akafa na mie niko mbali, nikimaliza narudia hiyohiyo, halafu nasoma Zaburi 121 pale inaposema mlinzi wa Israeli hatasinzia wala hatalala usingizi. Kuna siku usingizi unakuja, kuna siku adhana ya alfajiri inanikuta macho, lakini nimekesha na mtu, sikukesha peke yangu, na kwangu hiyo ni tofauti kubwa mno.

Na kama khofu imekushika wiki nzima huli hulali, tafadhali nenda kwa daktari, hata Kidongo Chekundu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Unguja, nenda, usisikilize watu watasema nini. Luka huyohuyo alikuwa tabibu na Paulo anamwita mpendwa, kwahiyo dawa na maombi havigombani.

Wewe unayesoma hii usiku huu na nyumba nzima imelala, anza na Zaburi ya 4, ni mistari 8 tu, isome kwa sauti hata kama ni ya kunong'ona. Ukitaka tuombe pamoja niandikie hapo chini, jina si lazima.