Nilivyopata leseni ya pombe ya mgahawa wangu London, majirani wakiwa hawataki

Mgahawa wangu ni mdogo tu, uko kusini mwa London, nyama choma, mishikaki, pilau, ndizi za kuchoma, na kila siku wateja wananiuliza bia iko wapi maana nyama choma na soda haipandi jamani. Sa huku Uingereza leseni ya pombe unaomba kaunsili (halmashauri ya eneo lako), kwa sheria ya mwaka 2003, na hawakupi mpaka majirani wapate nafasi ya kusema. Unajaza fomu, unaambatanisha ramani ya ukumbi, unataja msimamizi mwenye leseni binafsi (yangu niliilipia pauni 37 baada ya kufaulu mtihani), alafu ada ya maombi inategemea daraja la thamani ya jengo, ile inayotumika kukadiria kodi, kwangu ikawa pauni 190. Ila tangazo la gazeti la mtaani ndo lilinikomesha, lilikula hela kuliko kaunsili wenyewe.

Alafu kuna karatasi ya bluu, ya kuwatangazia watu kwamba umeomba leseni. Saizi ya A4, bluu iliyopauka, maandishi saizi 16 kwenda juu, unabandika dirishani mtu aweze kuisoma akiwa nje, inakaa siku 28 mfululizo. Ikidondoka ukajisahau mtu anaweza kusema hakuiona ukaambiwa uanze upya, kwa hiyo kila asubuhi kabla sijawasha jiko nlikua naipiga picha kwa simu.

Sikusubiri waisome. Nilikaanga sambusa nikaanza kugonga milango. Bibi mmoja Mwingereza anayekaa ghorofani nyuma yetu alinipeleka mpaka dirisha la chumbani kwake nikaona mwenyewe, mapipa yetu yako chini yake kabisa. Pombe wala hana shida nayo, shida yake ni chupa, waliokuwepo kabla yetu walikua wanazimwaga pale saa sita usiku, na yeye kashastuka usingizini vya kutosha.

Ng'ambo ya barabara kuna mzee wa Kizanzibari. Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, karibu ukae, ila nakwambia mapema, mimi ntaandika kukataa." Na kweli akaandika. Sasa kaunsili wanaangalia mambo manne tu, kuzuia uhalifu na vurugu, usalama wa watu, kuzuia kero, na kulinda watoto. Kwamba pombe ni haramu hawalipimi, wala bei ya nyumba kushuka. Lakini kwenye barua hiyohiyo mzee alisema watoto wanaotoka chuoni (madrasa) jioni watakua wanapita katikati ya wavuta sigara na walevi mlangoni kwangu, na hilo sasa ni la watoto, linahesabika. Kuna watu wakaniambia mpuuze huyo, sheria iko upande wako. Mi naona huo ni ushauri wa mtu ambaye kesho yake hafungui mlango hapo.

Nikamwandikia afisa wa leseni aongeze masharti kwenye maombi yangu: pombe ni kwa aliyekaa mezani anakula tu, oda ya mwisho saa nne na nusu usiku na saa tano tunafunga (mwanzo niliomba saa sita), chupa zinalala ndani mpaka saa mbili asubuhi, wavuta sigara wanasimama upande wa barabara kubwa sio kichochoroni, dirishani hakuna bango la bia, na majirani wapewe namba ya simu ya mgahawa. Polisi nao wakataka kamera na picha zihifadhiwe siku 31.

Bibi, ambaye naye alikua kaandika kwa ajili ya zile chupa, akaondoa pingamizi lake. Mzee alichukua muda, akasema pombe siibariki ila la watoto umelisikia, binti yake ndo akatuma imeili ya kuondoa. Pasipo pingamizi hakuna kikao mbele ya madiwani, leseni ikatoka na masharti yote yameandikwa humo.

Ada ya kila mwaka kwa daraja la jengo langu ni pauni 180. Na jirani akikerwa anaweza kuomba leseni ipitiwe upya muda wowote, kwa hiyo ile simu lazima ipokelewe. Siku hizi anaipokea mdogo wangu, na malalamiko karibu yote ni ya pikipiki za madereva wanaokuja kuchukua oda, hawazimi injini, ye ndo anatoka kuwafokea.